Njia ya Unguja: Mji Uliozaliwa na Bahari

Wengi walioandika habari za Dar es Salaam wameanza na reli, au na ofisi za serikali ya Wajerumani, au na mikutano ya siasa ya Mtaa wa Lumumba, na kila mmoja wao kwa upande wake amesema kweli. Lakini naona wamelipita pasipo kulitazama jambo lililoyatangulia yote hayo, nalo ni ile bahari iliyo kati ya bara na visiwa, ambayo tangu mji huu haujapata jina watu wameivuka kwa tanga, kisha kwa moshi, kisha kwa injini, wakiwa na mali zao, maharusi wao, wagonjwa wao na habari za dunia. Mtu asimamaye leo katika Barabara ya Sokoine, kanisa la Mtakatifu Yosefu likiwa nyuma yake, analiona gati la boti za Unguja mbele ya macho yake. Akishika njia ya mashariki atafika Feri, ambako pantoni la Kigamboni hufunga na samaki hunadiwa tangu alfajiri. Na akigeuza uso akapanda kwa njia ya Mnazi Mmoja atajikuta Kariakoo, ambako mitaa miwili huitwa Pemba na Mafia. Mahali hapa patatu hapakukaribiana kwa bahati tu. Vyombo vilishusha, soko likanunua, na watu waliokuja kwa siku mbili wakapanga chumba, wakaoa, wakazikwa hapa.

Nimekusudia kuisimulia njia hiyo kwa urefu kidogo, kwa kuwa abiria wake ndio walioujenga mji, ilhali majina yao aghalabu hayakuandikwa popote; na kutoandikwa kwao, kama itakavyobainika, si jambo dogo hata kidogo.

Katikati ya karne ya kumi na tisa palikuwa hapa na kijiji cha Mzizima, maskani ya Washomvi wavuvi na majirani zao Wazaramo, ambao walivusha sandarusi na nafaka kwenda Unguja na kurudi na nguo. Seyyid Majid bin Said, aliyekuwa Sultani tangu 1856, aliipenda bandari hii iliyozungukwa na nchi kavu karibu kila upande, na ilipofika katikati ya miaka ya 1860 akaanza kujenga hapa mji wake, akauita Dar es Salaam. Karibu kila kilichohitajika katika ujenzi huo, tangu mafundi na amri hadi watumwa waliotiwa kazini pasipo ridhaa yao, kilitoka ng'ambo kikavushwa. Na Boma la Kale, ambalo lingali limesimama kando ya barabara ile ile ya bandarini, ni ukumbusho wa siku zile. Lakini Majid alifariki mwaka 1870, na nduguye Seyyid Barghash hakuwa na raghba na mji huo, hata majumba yaliyoanzwa yakaachwa yabomoke na nyasi zikaota uani.

Waandishi husema kwamba mji ulilala kwa miaka 20 baada ya hapo. Mimi nasema ulilala kwa wakubwa tu. Lango la bandari ni jembamba tena lina pindo, na merikebu kubwa za tanga zilipata adha kuingia na kutoka upepo ukiwa kinyume. Ama mashua na majahazi, ambayo manahodha wake walikulia katika mikondo hiyo na kuujua kila mwamba ulio kati ya Makatumbe na Mbudya, hayakuona taabu. Baraza la Sultani lilipohama, vyombo hivyo vidogo vilibaki, vikaendelea kupeleka sandarusi na chakula na kuleta nguo na wageni, hata Wajerumani walipokuja kuweka kituo chao mwaka 1887 hawakukuta gofu tupu, walikuta watu wenye biashara.

Jahazi ndilo lililoibeba njia hii kwa muda mrefu kuliko chombo kingine chochote, na haifai kulitaja kwa haraka. Mianya ya mbao zake ilizibwa kwa kalafati ya pamba. Ubavu wake ukapakwa sifa, yaani mafuta ya papa, ambayo harufu yake abiria hawakuisahau maisha. Na chini ya maji likapakwa deheni ya shahamu na chokaa ili wadudu watoboao mbao wasilile. Tanga lake la pembe tatu lilifungwa katika foromali ndefu, na kuigeuza foromali hiyo upepo ukiwa mkali kulihitaji mabaharia wote kwa pamoja, wakivuta kamba kwa kuitikiana, ilhali abiria wamejikunyata wasije wakapigwa na demani.

Ama saa za safari, hizo hazikuwa mkononi mwa binadamu. Kaskazi, ivumayo takribani tangu Desemba hadi Machi, humtoa mtu Unguja ikamfikisha Dar es Salaam kwa mchana mmoja wa raha. Na kusi, ishikayo wakati wa masika na kuvuma kwa nguvu mwezi wa Juni na Julai, humchukua mtu wa Dar es Salaam hadi Unguja tanga likiwa limejaa tele. Aliyelazimika kwenda kinyume cha upepo alipiga bisho, akapelekwa huku na huku, pengine akaiona minara ya mji kwa macho na bado akalala baharini. Na katika siku za maleleji, misimu inapoachana na upepo hauna makao, jahazi liliweza kusimama pale pale juu ya maji matulivu tangu adhuhuri hadi magharibi, nahodha akitazama mawingu na abiria wakimtazama nahodha. Umbali wenyewe ni kilomita 70 na ushei tu. Mfanyabiashara aliyengoja nazi au papa mkavu alijua bei yake ya kesho kwa kusikiliza usiku upepo umetoka wapi.

Hapakuwa na kiti wala kitanda. Abiria alikaa juu ya shehena, na shehena ilikuwa boriti za mikoko kutoka delta ya Rufiji, au magunia, au makuti, au mbuzi. Wanawake walitengewa nafasi upande wa tezi na kusitiriwa kwa turubai au kanga. Wali ulipikwa juu ya sanduku lililojazwa mchanga ili moto usiguse ubao, na aliyekuwa na kitoweo alikitoa. Wasafiri walipunguza sala kama sharia inavyowaruhusu. Katika mambo hayo yote liko moja ambalo napenda msomaji alishike: nahodha hakuwa na daftari, tena pengine hakujua kuandika, lakini watu aliowabeba aliwajua mmoja mmoja, kwa kuwa alikula nao na kuwaona uso kwa uso tangu kung'oa nanga hadi kutia nanga, na nauli ya kila mmoja ilipita mkononi mwake. Alijua yupi mtoto wa nani wa Gerezani, na yupi anakwenda kuzika Ng'ambo. Bahari ilizamisha majahazi mengi, nayo ilikuwa misiba mikubwa. Lakini nahodha aliyenusurika aliweza kwenda mlango kwa mlango kuwaambia wafiwa, maana kila mfiwa alimjua.

Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani waliandikiana mkataba, na bahari hiyo ikakatwa kama nguo. Unguja na Pemba ziliwekwa chini ya himaya ya Waingereza. Pwani ya bara, ambayo Sultani alilipwa marki milioni 4 kwa ajili yake, ikawa ya Wajerumani. Na Mafia, ambayo watu wake walikuwa jamaa za watu wa visiwa vingine, ikahesabiwa pamoja na bara. Mwaka uliofuata Wajerumani wakahamisha makao yao makuu kutoka Bagamoyo kuja Dar es Salaam, na meli za kampuni yao ya Deutsche Ost-Afrika Linie zikawa zinatia nanga katika bandari ambayo Majid aliiota. Waingereza walikuwa wametangulia upande wa pili: tangu 1872 meli za kampuni ya British India zilileta barua Unguja kila mwezi kutoka Aden, na Barghash, ambaye tufani ya mwaka huo huo iliangamiza merikebu zake, alinunua meli za moshi zake mwenyewe.

Hapo ndipo safari ya kumwona shangazi ilipokuwa safari ya kutoka dola moja kwenda dola nyingine. Palikuwa na forodha huku na forodha kule, na baadaye hata fedha zilitofautiana: baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Tanganyika iliingia katika shilingi, ilhali Unguja iliendelea na rupia hadi mwisho wa mwaka 1935, na mwenye kuvuka akawa hana budi kubadili fedha kabla ya kununua hata kikombe cha kahawa. Makarani wa forodha walikuwa watu wakubwa katika maisha ya pwani wakati huo, na katika safu yao alikuwamo mshairi Shaaban Robert, aliyeitumikia idara hiyo tangu 1926 hadi 1944. Haikosi kwamba mtu aliyekaa miaka 18 akitazama watu wakishuka na mizigo yao alijifunza mengi kuhusu binadamu ambayo hayamo katika hati za ushuru.

Vita vyenyewe vilipita juu ya njia hii kwa ukatili. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilitoka mafichoni katika delta ya Rufiji, ikaingia Unguja na kuizamisha manowari ya Waingereza iliyoitwa Pegasus. Nao Waingereza wakaja kuipiga Dar es Salaam kabla ya mwaka kwisha, ambako Wajerumani walikuwa wamezamisha gudi lao lielealo katika lango la bandari ili kuziba njia. Mwezi wa Septemba 1916 mji ulipoangukia mikononi mwa Waingereza, jengo la soko ambalo Wajerumani walilijenga na hawakuwahi kulitumia liligeuzwa kuwa kambi ya wapagazi wa jeshi, na Kariakoo ikazaliwa hivyo. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita hivyo kwa maradhi, njaa na mizigo, na walio wengi hawakuandikwa majina katika kaburi lolote. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mjini mwaka 1927 inawaheshimu kwa jumla. Lakini mama aliyemngoja mwanawe hamngoji kwa jumla.

Baada ya vita soko lilifunguliwa, na Kariakoo ikaanza kujaa nyumba zile za Kiswahili ambazo sisi sote tunazijua, zenye ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande na ua nyuma, na ambazo kwa umbo lake zilifaa sana watu wa kuvuka: mwenyewe hukaa chumba kimoja, vingine hupangisha, na mgeni aliyeshuka chomboni jioni hakosi jamvi. Kutoka visiwani zililetwa nazi, machungwa, ndimu, ng'onda na papa, na kwa msimu wake shokishoki na doriani. Kutoka bara zilivuka nafaka, ng'ombe, mkaa na mbao. Vyombo vya serikali ya Unguja, kama Al Hathera na Cupid, vilipita kati ya visiwa na pwani kwa ratiba, na aliyetaka utulivu akapanda hivyo. Lakini mchuuzi mwenye magunia yake aliendelea na jahazi, kwa kuwa lilikuwa rahisi na nahodha alikubali kungoja. Kwa njia hiyo hiyo walivuka mafundi wa taarabu, na vyama vya muziki vya Dar es Salaam kama Egyptian na Al-Watan vilikuwa na macho na masikio yao Unguja; wakavuka wacheza mpira, walimu wa madrasa, waganga, na mashekhe walioalikwa kusoma maulidi Mnazi Mmoja. Pengine katika mji mzima hapakuwa na mahali palipofahamu habari za Unguja upesi kuliko baraza za Kariakoo.

Abiria wa meli kubwa kwa muda mrefu hakushuka moja kwa moja gatini. Meli zilitia nanga katikati ya bandari, na watu wakachukuliwa kwa mashua na mizigo kwa matishari, hata yalipomalizika magati matatu ya kina kirefu upande wa Kurasini mwaka 1956. Unguja hali ilikuwa hiyo hiyo, na mmoja wa waliojipatia riziki kwa kuwabeba abiria kati ya meli na nchi kavu alikuwa Abeid Amani Karume, aliyewahi kuwa baharia kabla ya kuwa mtu wa boti, na mtu wa boti kabla ya kuwa rais. Sioni kwamba jambo hilo limepewa uzito wake. Mtu aliyekwisha kufanya kazi hiyo humjua kila mtu wa bandarini, na bandari ndiyo iliyokuwa baraza la siasa la Unguja.

Njia hii haikupata kuwa na juma zito kuliko lile la Januari 1964. Mapinduzi yalitokea alfajiri ya tarehe 12, na Sultani Jamshid bin Abdullah akaondoka kwa meli iliyokuwa na jina la babu yake, Seyyid Khalifa, akaelekea Mombasa. Alipokataliwa kushuka huko, meli ikageuza omo kusini, naye akaruhusiwa kushuka Dar es Salaam, mji ambao jamaa yake Majid aliujenga karibu miaka 100 kabla, na kutoka hapo akapanda ndege kwenda Uingereza asirudi kutawala tena. Katika siku hizo hizo Karume, Abdulrahman Babu na Kassim Hanga walivuka kwa boti kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja kushika serikali. Wenye kuondoka na wenye kuingia walipita juu ya maji yale yale, na mji wetu ukawa kwa wale kituo cha mwisho na kwa hawa kituo cha kwanza. Tarehe 26 Aprili mwaka ule Tanganyika na Zanzibar zikaungana, na mpaka uliochorwa mwaka 1890 ukafutika katika ramani.

Katika gati haukufutika upesi hivyo. Kwa miaka mingi baada ya Muungano mtu wa bara aliyekwenda Unguja aliulizwa hati ya safari, na bidhaa zilizotoka visiwani zikalipiwa ushuru tena zilipofika bara, jambo ambalo wafanyabiashara hawakuacha kulinung'unikia na viongozi hawakuacha kuliahidi ufumbuzi. Serikali ya Zanzibar ilinunua meli ya Mapinduzi, iliyoundwa Finland mwaka 1974, na Wapemba wengi wenye umri wangu hawawezi kuisimulia ndoa, shule au msiba wa miaka ile bila ya kuitaja. Kariakoo nayo ilipata jengo lake jipya la soko, lililosanifiwa na Beda Amuli na kukamilika katikati ya miaka ya 1970, lenye paa la mianvuli mikubwa ya zege. Ndilo lililoungua Julai 2021.

Kisha ikaja miaka ya 1980, na dhiki ya bidhaa ikaubana mji. Unguja, chini ya Ali Hassan Mwinyi aliyeshika uongozi wake mwaka 1984, ilifungua milango ya biashara mapema kidogo kuliko bara, na mali za Dubai zikamiminika Darajani: redio, vitambaa, viatu, vyombo vya nyumbani. Mwinyi alipokuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano mwaka 1985, upepo ule ule ukavuma bara. Lakini hata kabla ya hapo mali zilikuwa zinavuka, nyingine kwa hati na nyingine kwa giza, na maduka ya Kariakoo ambayo leo hupokea wateja kutoka Zambia, Malawi na Kongo yalijengeka kwa mtaji uliovuka bahari hii katika mabegi ya wanawake. Nasema wanawake kwa makusudi. Wao ndio waliolala juu ya mizigo yao gatini, wakajua afisa yupi ana huruma na yupi hana, wakasomesha watoto kwa faida ya doti chache za kanga. Na kama wapagazi wa vita, hawakuandikwa.

Boti za mwendo kasi zilikuja kuanzia mwisho wa miaka hiyo, na safari iliyokuwa ya mchana mzima ikawa ya saa mbili. Walio na haraka walipanda hizo. Wasio na fedha nyingi walipanda Flying Horse, iliyokuwa ikiondoka Unguja usiku na kuwafikisha watu Dar es Salaam alfajiri, wakiwa wamelala juu ya magodoro yaliyotandikwa sakafuni. Hatimaye kampuni ya Azam ikaleta boti zake za Kilimanjaro, zilizoundwa Hobart katika kisiwa cha Tasmania, na leo mfanyakazi wa benki aweza kuamka Unguja, akafanya shughuli zake Posta mjini Dar es Salaam na kurudi kulala kwake.

Sasa sina budi kusimulia habari za meli moja iliyotoka mbali. Ugiriki ni nchi ya visiwa vingi kama sisi, tena zaidi yetu sana, na bandari ya Piraeus iliyo karibu na Athens ni kwa visiwa vya Bahari ya Aegean kama Dar es Salaam ilivyo kwa Unguja: kila siku meli hutoka humo zikiwa na watu, magari, mboga na majeneza. Usiku wa kuamkia tarehe 8 Desemba 1966 meli ya Heraklion, ikitoka Krete kwenda Piraeus katika dhoruba, ilizama baada ya lori kukatika kamba na kuubomoa mlango wa kupakilia magari, na watu zaidi ya 200 wakafa. Wagiriki hawakunyamaza, ukaguzi ulifanywa, na katika meli 14 za kampuni ile 12 zikaonekana hazifai kwenda baharini. Mwaka uliofuata, 1967, iliundwa huko Ugiriki meli iliyoitwa Marianna, ambayo mwaka 1988 ilibadilishwa jina ikaitwa Apostolos P. Ilipotimiza umri wa miaka 40, mwaka 2007, iliuzwa, ikaja katika bahari yetu, ikapewa jina la Spice Islander I.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli hiyo ilizama karibu na Nungwi ikiwa njiani kwenda Pemba. Ilikuwa na nafasi ya abiria takribani 600. Ni wangapi waliokuwamo? Siku za kwanza zilitajwa mamia. Tume ya uchunguzi ilipomaliza kazi yake ikataja zaidi ya 2,000. Maiti walioopolewa walizidi kidogo 200, waliookolewa walikuwa mamia, na wengine wote ni wale ambao bahari iliwachukua na hakuna orodha iliyoweza kuaminiwa ya kuwataja. Tafakari, msomaji, tofauti iliyo kati ya hesabu ya kwanza na ya mwisho: tofauti ile ni watu. Ni wale waliolipa nauli juu ya ngazi, waliopanda kwa tiketi ya mwingine, na watoto waliobebwa mgongoni ambao hawatozwi nauli na kwa sababu hiyo hawaandikwi. Kabla ya mwaka kutimia, tarehe 18 Julai 2012, kusi ikiwa kali, boti ya Skagit, iliyoundwa Marekani kwa ajili ya maji yaliyositiriwa, ilipinduka karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam na watu karibu 290, na takribani nusu yao hawakuokolewa. Hizo ni mbali na MV Bukoba ya Mei 1996 na MV Nyerere ya Septemba 2018, zilizozama katika Ziwa Nyanza na ambazo nazo zilizikwa kwa hesabu ya kukisia.

Watu husema chanzo ni uchakavu wa vyombo, na ni kweli kwamba tumekuwa tukinunua meli ambazo wengine wamekwisha kuzitumia. Lakini uzee wa meli si chanzo peke yake. Express Samina ilizama karibu na Paros mwaka 2000 katika maji ya Wagiriki wenyewe na kuua watu zaidi ya 80, nao ni mabaharia wa dahari na dahari. Naona kasoro yetu kubwa ni kwamba tulichukua chombo kinachobeba watu kama mji, tukakiendesha kwa desturi ya jahazi. Nahodha wa jahazi aliweza kuwashika abiria wake 30 kichwani. Nahodha wa meli yenye sitaha tatu hawezi, na badala ya kichwa chake ni lazima pawe na daftari. Daftari hilo likikosekana, hakuna ajuaye kama chombo kimepita kiasi, wala nani atafutwe kikizama, wala mfiwa yupi apewe pole na haki yake.

Mambo yametengenea kwa kiasi fulani. Zanzibar ina mamlaka yake ya usafiri baharini tangu 2009, na bara ina shirika lake la TASAC kwa kazi hiyo hiyo. Meli mpya ya Mapinduzi II iliundwa Korea Kusini ikaja mwishoni mwa 2015. Unguja na Dar es Salaam mwenye kukata tiketi huulizwa jina na kitambulisho. Kigamboni, ambako pantoni lilikuwa njia pekee ya karibu, ina daraja la mita 680 tangu Aprili 2016, ingawa maelfu bado hupendelea Feri. Lakini mwenye kwenda Mafia kwa mashua kutoka Nyamisati, na mchuuzi anayepakia mashua usiku kwenda Pemba, wangali wanavuka kama walivyovuka babu zao, bila ya babu zao kuwapo kuwajua kwa nyuso.

Basi ninyi makarani wa gatini, andikeni kila anayepanda, na mtoto wa mgongoni mwandikeni kwa jina lake, hata kama hatozwi senti. Nanyi wenye vyombo, acheni pwani mzigo uliozidi. Mwenye mzigo atakasirika siku moja na kusahau. Nawe msomaji, utakapovuka, taja jina lako kamili na la mwanao, usipande kwa tiketi ya mwingine, na ukiona chombo kimejaa kupita kiasi, shuka, ungoje kingine.